Walimjia kwa Jina la Mama Yake

Bi Somoe, jirani yangu, mpaka leo anaapa kwamba mume wangu alichukuliwa asubuhi, na kwamba yeye alishuhudia kwa macho yake mawili wakati anatoka chooni, kopo mkononi.

Anasema walikuwa wanaume wawili, wakavu, wasiosalimu mtu. Walimweka Ussi katikati. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma. Wakamteremsha pwani, wakamtia kwenye boti ya doria ya hifadhi, boti ikageuza kichwa ikaenda zake. Anasema Ussi aligeuka mara moja tu akamtazama.

"Akanambia kwa macho," anasema Bi Somoe. "Mdomo haukufunguka, lakini macho yalisema: Mama, niangalizie Arafa wangu."

Hayo aliyasimulia barazani kwangu, wanawake wa kijiji chetu cha Kiegeani, kisiwani Mafia, wamejaa, mimi nimesimama kwenye kifuo nafua nazi. Mara ya kwanza mikono ilikuwa imefungwa kwa kitambaa. Alipofika mke wa muadhini, kitambaa kikawa kamba. Alipofika mamkubwa wangu, kamba ikawa pingu.

"Pingu, Somoe?" mamkubwa akamuuliza. "Ulizionaje na huo mtoto wa jicho?"

"Zilimeremeta."

"Haya. Na boti ilikuwa na rangi gani?"

"Mtu anachukuliwa, mimi nitazame rangi?"

Nami nililia. Nilishika upindo wa khanga nikalia mpaka mke wa muadhini akanishika mabega, akaniambia nimwachie Mungu.

Nililia kwa sababu ilinibidi kulia. Mume wangu hakuchukuliwa na mtu. Wakati Bi Somoe anaziongeza pingu, Ussi alikuwa nyuma ya mgongo wangu, ndani ya banda la mbata, amejifukia kwenye makumbi ya nazi, anasikiliza jinsi alivyotekwa.

Aliyekosa simulizi hii wiki zilizopita asitoke kapa. Nampa kwa ufupi.

Mimi ni Arafa. Nimesoma mpaka darasa la saba, nafua nazi za watu na kukausha mbata. Ussi alikuja Kiegeani akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Alisema kwao Tumbatu, hana baba, hana mama, hana ndugu. Akanioa. Hata siku ya ndoa hakupigwa picha; alisema taa ya kamera inamuumiza macho. Sikumuuliza zaidi. Mimi ni mtu wa kutazama. Ukinyamaza, watu hujileta wenyewe.

Akaja kujileta kwa homa. Dawa za hospitali alikunywa, homa ikashuka, ikapanda tena. Katika kuweweseka akawa analia: "Mama Moza, mimi Feisal wako, nifungulie mlango."

Nikaenda kwa Mwalimu Shamte wa chuoni amwandikie kombe, dua ya kuoshwa sahanini na kunywewa. Mwalimu akachukua sahani nyeupe na zafarani, akaniuliza, "Jina la mgonjwa, na jina la mama yake. La baba kaa nalo. Baba ni wa kuambiwa."

Ningesema Ussi, mtoto wa mama nisiyemjua, dua ingekwenda kwa nani? Nikasema: Feisal bin Moza.

Akanywa kombe, akapona. Na alipopona, alasiri moja, akanifunulia yote.

Kwao Mombasa. Alikuwa mdukuzi, ndivyo magazeti yanavyomwita mtu anayeingia kwenye akiba za watu kwa simu na kompyuta. Akakamatwa kijana. Wakubwa wa polisi wakamwona ana akili, wakamwambia achague: jela, au awawinde wenzake. Akachagua kuwinda. Akawa mpelelezi wa wizi wa mitandaoni, miaka na miaka, mpaka nyayo alizozifuata zikamfikisha kwenye mlango wa mtu mkubwa kuliko waliomtuma. Kesi ikafunguliwa. Mashahidi walikuwa watatu. Mmoja gari lake lilitumbukia mtoni. Wa pili alitoka kwenda kununua mkate, hajarudi mpaka leo. Wa tatu alikuja Mafia, akajiita Ussi.

Niliwaacha wiki iliyopita pale alipokuwa anamalizia kuniambia hayo, mteja wa Ndagoni akapita kuchukua simu yake. Simu ilikuwa inatoa sauti. Ussi akasikiliza, uso ukamkauka kama mbata.

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Shamte. "Ewe Mola, tunamwombea mgonjwa wetu wa hapa Kiegeani, Feisal bin Moza, umpe shifaa."

Ndiyo desturi yetu ya siku hizi. Dua ikisomwa, mtu hunasa sauti kwenye simu, huituma kwa Wamafia walioko Dar, walioko Mombasa, walioko Maskati, ili amina ziwe nyingi. Kila aliyeipata alisema amina, akaisukuma mbele.

Mteja alipoondoka, Ussi hakukaa. Alisimama katikati ya chumba.

"Nani alimpa Mwalimu jina la mamangu?"

Nikainama kunyoosha mkeka.

"Arafa. Nakuuliza kwa wema."

"Mimi," nikasema. "Ulikuwa unakufa."

Nilidhani atanipiga, ingawa hajapata kunipiga. Akakaa chini mkekani, akacheka. Kicheko kile sikukipenda. Kilitoka bila meno.

"Wajua nilikuwa nikiibaje watu?"

"Kwa kompyuta."

"Kompyuta ni mwisho. Mwanzo ni maneno. Nampigia mtu, namwamkia, namuuliza hali ya jua kwao, kama mtoto mwenye adabu. Namwambia napiga kutoka benki anakoweka akiba, kuna watu wataka kumuibia, nami nataka kumkinga. Nathibitisha tu kama ni yeye. Mamako aitwa nani? Wakati ule ndilo lililokuwa kufuli la akiba za wengi. Namba ya siri mtu atamficha hata mkewe. Jina la mama anakupa, tena anakushukuru kwa kumuulizia."

"Basi nimekuua," nikasema.

"Wewe umefanya la haki. Mamangu mwenyewe angekwenda kwa mwalimu kabla ya daktari." Akanitazama. "Feisal wako wengi duniani. Feisal wa Moza, mgeni, mahali pasipo na wageni, ni mmoja. Sasa wana jina la kijiji."

"Kwani mama yako yupo?"

Akaanza kufunga begi.

Asubuhi yake ndiyo wakaja wale wanaume wawili wa Bi Somoe. Nao walisalimu, tena kwa heshima zote. Ni wavuvi wa dago, wametoka wilaya nyingine za pwani kuja kupiga kambi ya msimu kule kisiwa cha Shungimbili. Ussi aliwahi kuwaokoa na matapeli wa simu, wakasema siku akiwa na shida awaambie. Shida ndiyo hiyo. Wangemvusha Shungimbili, na kutoka huko wangemfikisha bara kwenye kijiji chao.

Akatoka nao akitembea kama anavyotembea siku zote, mikono nyuma, kidole kimeshika kidole. Ndizo pingu alizoziona Bi Somoe.

Lakini pwani walikuta boti ya doria ya hifadhi imetia nanga, askari wanakagua nyavu za kila chombo kinachoondoka. Na nyavu za wale jamaa hazikuwa nyavu za kukaguliwa.

"Rudi, kaka," wakamwambia. "Boti ikiondoka tutakuja kukuchukua. Ukipanda nasi sasa, wewe utaandikwa jina na sisi tutachomewa nyavu."

Akarudi kwa njia ya mikokoni, akaingia bandani kwa nyuma. Aliponigongea ukutani, Bi Somoe alikwisha anza kusimulia.

"Mwache," Ussi akanong'ona kupitia makutini. "Uongo wake mlango wa chuma. Wewe lia tu."

Ndiyo nikalia.

Adhuhuri ilipokaribia wanawake wakaanza kuondoka, kila mmoja na jungu lake jikoni. Akabaki Bi Somoe. Yeye kwake hapikwi msiba ukiwa kwa jirani.

Pikipiki mbili za mjini Kilindoni zikaingia uani.

Ya kwanza ilimshusha mwanamke wa buibui safi, mkoba wa ngozi, wanja kidogo. Ya pili ilimshusha mwanamume mwenye shati jeupe na viatu vya kufunga kamba. Viatu vya kamba kwenye mchanga wetu! Nikajua huyo ametumwa, hakuja mwenyewe.

"Hodi wenyewe," mwanamke akaita.

"Karibu," Bi Somoe akaitikia kabla yangu. "Mmekuta msiba."

"Msiba wa nani tena?"

"Mwenye nyumba kachukuliwa."

Mwanamke akashika kifua. Kisha akanitazama mimi, akatabasamu kwa huruma, akanifuata pale pale kwenye kifuo na kunikumbatia, mikono yangu imejaa nyuzi za makumbi.

"Wewe ndiwe Arafa," akasema. "Wifi yangu. Mimi Sheikha, nduguye Feisal. Baba mmoja, mama mmoja."

Bi Somoe akapiga kofi la furaha, msiba ameusahau. "Wifi! Arafa, wifi huyo! Mbona husemi? Mtandikie mkeka! Mume kachukuliwa, wifi kaletwa!"

Nikatandika mkeka. Ningefanyaje? Wifi akija nyumbani kwako haulizwi kitambulisho.

"Anaitwa Ussi, si Feisal," nikasema.

"Ndiyo, mpenzi, najua. Sikulaumu." Akaketi. "Na huyu ni Evaristo, tumefuatana kunisaidia njia."

Evaristo akainama mbele ya Bi Somoe. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unaona, Arafa? Watu wa bara nao wana adabu."

Evaristo hakukaa. Alisimama karibu na kifuo changu, akaokota kumbi moja, akalipindua, akalirudisha pale pale alipolitoa.

"Mama," akamwambia Bi Somoe kwa upole, "hebu nisimulie. Walikuwa wangapi?"

Bi Somoe akanyoosha miguu. Kitu gani tena alikuwa anakitaka? Akaanza tangu chooni. Safari hii wale wanaume walikuwa na bastola kiunoni, na Ussi aliomba asali rakaa mbili, wakamkatalia.

Evaristo alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza hata mara moja.

"Na boti ilikuwa ya hifadhi."

"Ya hifadhi. Naijua kama mlango wangu."

"Tumetoka kuzungumza nao sasa hivi. Wapo pwani tangu alfajiri, hawajaondoka. Hawajapakia mtu."

Bi Somoe akakunja miguu. "Basi labda nyingine."

Sheikha akacheka kidogo, kama anayemfariji. "Bi mkubwa, huyo ndugu yangu bado ana mtindo ule wa kutembea mikono nyuma, kama mzee anakagua shamba? Tangu mdogo. Mama alikuwa akimwambia, utajikwaa ushindwe kujishika."

Nikamtazama Bi Somoe. Nikaona jinsi zile pingu zilivyomdondoka kichwani, halafu kamba, halafu kitambaa, ikabaki mikono mitupu ya mume wangu nyuma ya mgongo wake.

"Sasa nikuulize, wifi," Sheikha akasema, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Waliomchukua ni kina nani? Maana wanaomtafuta ni sisi."

Nilichukua nazi nyingine nikaikita kwenye kifuo. Kra! Nikakandamiza, nikazungusha, kumbi likachanika. Nikachukua nyingine. Nilitaka uwanja uwe na kelele. Makumbi makavu hulia ukipumua vibaya, na Ussi alikuwa na kifua cha mtu aliyetoka homani.

"Fundi wa kufua," Evaristo akasema. "Mbata unakaushia wapi, dada?"

"Popote penye jua."

"Na mvua ikija?"

"Hainyeshi siku hizi."

Akatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa. Lakini macho yake yalikwisha tembea: jikoni, chooni, bandani. Yakarudi kwangu.

Nataka msomaji wangu anielewe hapa. Moyo wangu haukuwa na hakika. Ussi aliniambia hana ndugu, na mwanamke huyu anajua anavyotembea. Lakini Ussi huyo huyo aliniambia hana mama, na homani alimlilia mama yake amfungulie mlango. Aliniambia kwao Tumbatu. Katika watu wawili hawa, aliyekwisha nidanganya kwa uhakika alikuwa mmoja tu, naye nilikuwa namficha kwenye makumbi.

Na hata kama Sheikha ni nduguye kweli, mtu anaweza kumleta nduguyo kwako bila nduguyo kujua anatumiwa. Viatu vile vya kamba havikuwa vya ndugu.

"Wifi," Sheikha akasema, "mimi si mtu wa kuzunguka. Mama hajiwezi. Figo. Ana siku za kuhesabu. Tulikuwa tumekwisha msomea Feisal hitima, tukijua kafa. Juzi shangazi yetu mmoja kaletewa dua kwenye simu. Kaisikia, kaanguka. Feisal bin Moza, tena mgonjwa, tena yu hai. Ni wewe uliyetoa jina lile?"

"Ni mimi."

"Basi wewe ndiye uliyemfufua. Mama kasema akifa bila kukushukuru ataona haya mbele ya Mola."

Bi Somoe alikuwa ameanza kulia, kilio cha kweli sasa, kisicho na nyongeza.

"Arafa," akasema, "kama unajua kitu, sema. Mama wa watu huyo."

"Sijui kitu, Bi Somoe. Si umeona wewe mwenyewe akichukuliwa?"

"Mimi niliona..." Akajifuta kwa kiganja. "Mimi macho yangu mabaya, mwanangu. Kila mtu anajua macho yangu mabaya."

Evaristo akageuza uso pembeni kuficha kicheko.

Nikawaza wale wavuvi. Boti ya doria ingeondoka saa yoyote, nao wangekuja kumchukua Ussi kwa njia ya mbele, na uani kwangu wangemkuta mtu mwenye viatu vya kamba. Nikawaza kumtuma Bi Somoe pwani. Lakini Bi Somoe umtume na neno moja, atafika na kumi.

"Bi Somoe," nikasema, "wageni hawajanywa hata maji. Nenda nyumbani utuletee madafu."

"Madafu nimekwisha angusha jana."

"Hata chai."

"Sukari sina. Mimi siondoki hapa, Arafa, mpaka nijue mtoto wa watu yuko wapi."

Sheikha alikwisha toa simu mkobani.

"Hatukutaka tukusumbue, wifi. Lakini kama huamini mdomo wangu, sikia wa mwenyewe. Nilimwambia nikifika nitampigia."

Mtandao wa Kiegeani ni wa kubahatisha. Siku nyingine unapanda juu ya kichuguu ndiyo unasikia. Siku ile ulikamata mara moja.

Akaiweka simu kwenye sauti ya wote.

"Mama? Nimefika. Niko na mkewe."

Upande wa pili palikuwa na pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu anayepanda ngazi akiwa amelala. Kisha sauti ya bi kizee, nyembamba, ya Mombasa tupu.

"Yuwapi huyo mwanangu wa kike? Nipe."

Sheikha akaninyooshea simu. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya nazi. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Nasikia ulimuuguza."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa akila?"

"Uji. Mwanzo alikuwa anautapika."

"Tia tangawizi. Tangu utoto haukai tumboni mwake bila tangawizi." Akapumua. "Mola akulipe. Sikuwa na wa kumtilia tangawizi, nawe Mola kakuweka huko kisiwani."

Msomaji, mimi sikuwahi kumtilia tangawizi. Alinikataza. Alisema inamchoma roho. Sasa nani hapo anamjua? Mama aliyemkumbuka mtoto wa zamani, au mwanamke aliyelipwa akabahatisha kitu ambacho kila mama hukisema? Nilitafuta jibu katika ile sauti, sikuliona. Ilikuwa sauti ya mama. Kila mama mgonjwa ana sauti ile.

"Mama," nikasema, "Ussi hayupo. Asubuhi..."

"Usinambie alipo," akanikatiza. "Sitaki kujua alipo. Wala asije. Akija watamuua, mimi najua mambo yake kuliko wanavyodhani hawa. Nataka sauti tu. Neno moja. Nife nimelisikia."

Nikamtazama Sheikha. Alikuwa ameinamisha uso, chozi limesimama kwenye wanja. Kama alikuwa anaigiza, basi Bi Somoe ni mwanafunzi tu.

Nikamtazama Evaristo.

Evaristo hakuwa anaisikiliza simu. Kila mtu uani alikuwa ameielekezea sikio ile simu, hata wenye pikipiki walikwisha shuka. Yeye sikio lake lilikuwa limegeukia bandani. Alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri samaki aguse chambo.

Nikaiinua nazi juu. Nikaikita. Kra!

"Acha kufua, wifi," Sheikha akasema taratibu. "Mama anazungumza."

Nikainua nyingine. Evaristo akanyoosha mkono, akaitoa mikononi mwangu kwa adabu kama anayenisaidia mzigo, akaiweka chini.

"Tusikie, dada," akasema.

Uwanja ukawa kimya. Kuku walikuwa wamejificha jua. Bi Somoe alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga.

"Sheikha," sauti ya simu ikasema, "iinue hiyo simu. Iinue juu, kama yupo karibu anisikie."

Sheikha akasimama. Akainua mkono wenye simu juu ya kichwa chake, akageuka polepole, kwenye minazi, kwenye jiko langu, kwenye banda.

"Feisal," ikaita ile sauti.

Ninyi mliolelewa pwani mnajua tulivyofunzwa. Mama akiita, mdomo huitika "labeka" kabla akili haijauliza anataka nini. Tumechapwa kwa hilo. Mtu anaweza kusahau jina lake la kubuni, na kesi yake, na mashahidi wenziwe waliopotea, lakini ule mwitiko hukaa kooni, unangoja tu kuitwa. Na huyu alikuwa hajaitwa kwa miaka.

Nyuma yangu, ndani ya banda, kumbi moja likateleza juu ya jingine.

Evaristo alipiga hatua moja. Nami nikapiga moja, nikasimama kati yake na mlango, mikono mitupu, sina hata nazi. Hakunisukuma. Hakuwa na haraka. Tulitazamana tu, tukisubiri sote wawili kitu kimoja, yeye akikiombea na mimi nikikikataa.

"Feisal wangu," ikaita tena, kwa nguvu kidogo sasa, kama anayemwita mtoto aache kucheza arudi ndani. "Mimi mamako. Itika, baba."